Waya Zilizopishana

Karatasi ililetwa Jumatatu, ndani ya mfuko wa plastiki, imefungwa kwenye reli ya mashua kwa vipande vitatu vya kamba ya nailoni utadhani ingetoroka. Aliyeileta hakubisha hodi. Glenys alikuwa chini akikaanga soseji, mumewe Merv amelala chali na redio juu ya tumbo. Walisikia injini ya kihori ikija, ikanyamaza kidogo, ikaondoka. Glenys alipotoka alikuta karatasi inapigwa na upepo wa kijito.

Aliisoma mara mbili kabla ya kumsomea mumewe, kwa sababu miwani ya Merv ilikuwa na kioo kimoja kilichopasuka. Chombo kiitwacho Wilga, ilisema, kithibitishe kwamba kinaweza kujiendesha. Kitatoka kwenye boya lake, kitakwenda mpaka nguzo ya kijani mdomoni mwa kijito, kitarudi na kushika boya tena, mbele ya mkaguzi, Jumatano ya wiki ijayo saa nne asubuhi. Kabla ya siku hiyo kisisogezwe hata kidogo. Kikishindwa, kitavutwa nchi kavu na kuvunjwa.

"Kuvunjwa," alisema Merv. "Wameandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hao ni wale wa nyumba za kilimani. Tunawaharibia mandhari."

Huenda alisema kweli. Kijito cha Tallow kilikuwa na mashua kumi na moja za watu wasio na nyumba nyingine, na juu yake kilimani zilikuwa zimechipuka nyumba za vioo ambazo wenyewe hawakununua dirisha ili waangalie nguo za ndani za Merv zikikauka. Lakini Glenys hakuwaza nyumba za kilimani. Aliwaza gurudumu la kuongozea mashua, lile kubwa la nyuma, ambalo tangu mwaka uliopita lilikuwa gumu kama mlango wa ghala, na mwezi uliopita lilianza kukwaruza na kukwama likifika katikati.

"Merv, gurudumu halizunguki."

"Linataka grisi tu."

"Umelipaka grisi tangu Krismasi."

"Basi linataka grisi zaidi."

Wilga ndiyo iliyokuwa nyumba yao tangu kiwanda cha sukari kilipompunguza Merv kazini, miaka kumi na tisa iliyopita. Walikuwa wamezeeka ndani yake. Binti yao Janelle, aliyekuwa akiishi mji wa Toowoomba, bara, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka Tallow, alikwisha kuwaambia kwamba gereji yake ina choo na dirisha moja. Alisema kwa upendo. Glenys kila alipoifikiria gereji ile alipanda sitahani kutazama maji, na usiku alimsikia Merv naye akigeukageuka, ingawa asubuhi mzee yule aliamka akipiga mluzi kuonyesha kwamba hana neno.

*

Jumanne Glenys alikwenda na kihori kuchota maji kwenye klabu ya mashua. Alikuwa amejaza dumu moja wakati karani alipotoka ofisini, msichana mwenye kucha za rangi ya machungwa.

"Samahani, mama. Bomba hili sasa ni la wanachama."

"Nimechota hapa tangu wewe hujazaliwa, mwanangu."

"Najua. Ndivyo nilivyoagizwa." Msichana alilitazama dumu lililojaa, akaona haya. "Hilo nenda nalo. Lakini lingine, lipo bomba kule kwenye choo cha bustani."

Glenys alibeba dumu moja lililojaa na moja tupu kupita mbele ya watu watatu waliokuwa wakinywa kahawa, na hakuna aliyemtazama. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba wote watatu walikuwa na kazi ya ghafla ya kutazama bahari.

Aliporudi alimkuta Merv na jirani yao Joop, Mholanzi mwenye mashua pacha, ile ya matumbo mawili, wamesimama kando ya gurudumu mikono mifukoni. Joop alikuwa amekaa Tallow miaka mingi mpaka akasahau kwa nini alikuja.

"Fundi wa mjini anataka dola elfu mbili na mia sita," alisema Merv. "Kwa simu tu! Hata hajaiona!"

"Na sisi tuna ngapi?" aliuliza Glenys, ingawa jibu alilijua.

"Tuna za miwani yangu."

Zilikuwa mia mbili na arobaini, ndani ya kopo la chai.

"Mimi nina waya wa mlingoti uliobaki," alisema Joop. "Imara sana. Chukueni bure."

Hapo Merv alipata nafasi ya kuwa fundi, na alikunjuka kama mtu aliyeambiwa akae kiti cha mbele. "Waya wa mlingoti haujui kujikunja, jirani. Nyuzi zake nene, chache. Ukiupitisha kwenye roda, kile kigurudumu cha kugeuzia waya, utavunjika kabla ya Pasaka. Waya wa usukani una nyuzi nyembamba mamia, laini kama kamba ya kiatu. Lakini huenda hata hatuhitaji waya. Lazima kwanza tujue ugonjwa."

Kuujua ugonjwa kulimaanisha kuingia kwenye shimo la tezi, chini ya sitaha nyuma kabisa, kupitia mlango usiozidi upana wa dirisha la jiko. Merv hakuingia humo tangu nyonga yake ilipoharibika. Tena vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa kisukari, jambo ambalo hakulisema na Glenys hakulitaja. Kila wiki aliokota chini nati alizoangusha mumewe, akazirudisha kwenye sanduku la vifaa bila neno.

Kwa hiyo aliyeingia ni Glenys, miaka sitini na sita, tochi mdomoni na karatasi ya chooni mkononi.

"Ipitishe karatasi juu ya waya," Merv alielekeza kutoka juu, akiwa amelala kifudifudi na kichwa kimeingia mlangoni. "Taratibu. Usitumie kidole, utachanika. Karatasi ikinasa, hapo pana uzi uliokatika."

Humo ndani palinuka dizeli na maji yaliyolala. Glenys alianzia kwenye sahani ya shaba iliyokaa juu ya mhimili wa usukani, ile inayovutwa na waya, akaja na karatasi mbele kwenye roda, polepole. Karatasi ilipita salama. Akatambaa mpaka chini ya nguzo ya gurudumu, mahali waya mbili zinaposhuka kutoka kwenye mnyororo wa gurudumu. Hapo karatasi ilinasa, ikachanika. Akaigusa tena, ikanasa tena. Alipomulika aliona nyuzi zimesimama kama sharubu za paka.

"Zimekatika! Zote mbili! Hapa zinapopishana."

"Zinafanya nini?"

"Zinapishana, Merv. Ya kushoto inakwenda kulia, ya kulia inakwenda kushoto. Ndipo zilipolana."

Merv akacheka kicheko cha mtu aliyemkamata mwizi. "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, mama! Kuna mpumbavu alizifunga vibaya kabla hatujainunua. Waya mbili zikipishana lazima zisuguane. Kiwandani ningemfukuza kazi kijana wa namna hiyo siku hiyo hiyo."

"Zimekaa hivyo miaka mingapi?"

"Makosa hayawi mema kwa kuzeeka."

*

Walinunua waya wa kweli kwa pesa za miwani, na kwa siku tano walifanya kazi kama vibarua. Glenys alikaa shimoni, Merv juu. Yeye ndiye aliyejua na mkewe ndiye aliyefikia, na kati yao palikuwa na mlango mdogo na kelele nyingi.

"Kaza ya kushoto."

"Nimekaza."

"Kaza tena."

"Nikikaza tena itaimba kama gitaa."

"Basi ilegeze kidogo. Nani alikwambia ukaze sana?"

"Wewe, bwana wee! Sasa hivi!"

Kabla ya kutoa waya za zamani Glenys alikuwa amefunga uzi mwekundu wa sufu kwenye ile ya kushoto, ili ajue ilikotoka. Siku ya kupitisha mpya alitoa kichwa mlangoni, nywele zimejaa grisi.

"Merv, mimi nasema tuzipishanishe kama zilivyokuwa."

"Ili zilane tena?"

"Sijui ni kwa nini. Lakini aliyezipishanisha alipata taabu kuzipishanisha. Mtu hapati taabu bure."

"Glenys. Mashine nimezitengeneza miaka thelathini na moja. Wewe ulikuwa unashona mapazia." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyotaja hali ya hewa. "Shusha kila waya upande wake. Moja kwa moja, safi."

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutuachia maelezo ya nani mkuu ndani ya mashua ya watu wawili. Glenys alirudi shimoni, akashusha kila waya upande wake. Ni kweli kwamba kazi ilionekana safi.

Jumanne jioni walilijaribu gurudumu. Merv alilizungusha mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, kwa kidole kimoja, na lilikwenda laini kama siagi. Glenys shimoni alipiga kelele, "Inakwenda! Sahani inakwenda mpaka mwisho, pande zote!" Merv alibusu gurudumu. Wakala biskuti zote zilizobaki. Kuijaribu mashua yenyewe wasingeweza, maana karatasi ilikataza isisogezwe, na Glenys hakutaka kuwapa wale watu sababu. Basi wakalala wakiwa na furaha, na katika furaha ile hakuna aliyeuliza sahani ilikuwa inakwenda upande gani.

*

Mkaguzi alifika saa nne kasoro dakika tano kwa kihori cha bati. Aliitwa Farrugia, kijana mnene mwenye kofia pana na ubao wa kuandikia, na alikuwa amejipaka dawa ya visubi mpaka uso unang'aa. Alikataa chai kwa heshima.

"Nitawafuata nyuma kwa kihori changu, mzee. Nguzo ya kijani, na kurudi. Msinijali mimi."

"Hatutakujali," alisema Merv, na alikuwa amenyoa.

Maji yalikuwa yamesimama, hayajai wala hayapwi. Glenys alikwenda omo, mbele, mahali pa wanawake. Ndivyo ilivyokuwa katika kila mashua ya Tallow: bwana kwenye gurudumu, bibi mbele na upondo wenye kulabu, na bwana akimfokea. Miaka kumi na tisa Glenys hakuligusa gurudumu injini ikiwaka. Hakuna aliyemkataza. Halikuwahi tu kuwa zamu yake.

Aliachia boya. Mashua pacha ya Joop ilikuwa upande wa kulia, karibu, kwa hiyo Merv alizungusha gurudumu kushoto ili aikwepe. Wilga ikaenda kulia. Merv akazungusha kushoto zaidi. Wilga ikazidi kulia, omo yake ikilenga jiko la Joop.

"Merv! Unakwenda wapi?"

"Naikwepa!"

"Huikwepi! Unaifuata!"

Joop alitoka na suruali ya kulalia, tairi kuukuu la kukingia mgongano mkononi. "Merv, umelewa saa nne?"

"Rudisha nyuma!" alipiga kelele Glenys. "Gia! Rudisha nyuma!"

Injini ilikohoa moshi, Wilga ikasimama. Kati yake na Joop palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Huko nyuma Glenys aliona mkaguzi akiangalia ubao wake.

Glenys alipofika kwenye gurudumu, Merv alikuwa mweupe kama karatasi. Alikuwa ameshaelewa.

"Zilipishana kwa sababu," alisema taratibu. "Kupishana ndiko kunakoipeleka upande sahihi. Mungu wangu, Glenys. Nimeufunga usukani kinyume."

Mke mwingine angeyameza maneno. Glenys si malaika. "Nilikwambia," alisema.

"Ulinambia."

"Basi ukitaka kushoto zungusha kulia. Si hilo tu?"

Merv alijaribu. Alizungusha kulia, na omo ikaja kushoto, ikaanza kuachana na mashua ya Joop. Kisha mashua ilipozidi kidogo, mikono yake yenyewe, bila kumwuliza, ilisahihisha kwa njia ya zamani, na Wilga ikajipinda kuelekea mikoko. Akairudisha. Ikapinda upande wa pili. Jasho lilimchuruzika. Alikuwa kama mtu anayeambiwa atembee kinyumenyume, na kila mtu anaangalia.

"Siwezi," alisema. Glenys hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata siku kiwanda kilipomtoa. "Kichwa kinajua, mikono inakataa. Miaka kumi na tisa, Glenys. Nyumba yetu inakwenda hivi hivi mikononi mwangu."

Machozi yalikuwa karibu. Glenys alimwonea huruma, na wakati huo huo hasira yake yote ikaisha.

"Ondoka hapo," alisema. "Nenda mbele."

"Hujawahi kushika gurudumu."

"Ndiyo maana. Mikono yangu haijui lolote, haina cha kusahau."

Alishika. Mwanzoni Wilga iliyumba kama mlevi anayetafuta funguo. Kisha Glenys aliacha kulitazama gurudumu, akaitazama omo na nguzo ya kijani mbali mbele yake, na mikono ikajifunza yenyewe: sukuma huku, inakwenda kule. Kwake halikuwa kinyume. Lilikuwa ndivyo lilivyo, kama cherehani inavyokwenda na kitambaa. Walipita mashua ya tatu, ya nne. Kwenye mashua ya tano mwanamke mwenye upondo wake mkononi alisimama akakodoa macho.

Waliizunguka nguzo kwa mapana kidogo kuliko ilivyohitajika. Glenys aligundua kwamba alikuwa anaimba.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, maana boya lilikuwa halijashikwa, na mshikaji safari hii alikuwa Merv, na vidole vyake.

"Kushoto!" alipiga kelele Glenys. "Kushoto kwako, mzee! Shusha upondo! Chini! Unaogopa maji?"

"Usinifokee!"

"Nimefokewa hapo ulipo miaka kumi na tisa! Shusha!"

Kulabu iligusa boya, ikateleza vidoleni mwake, boya likapita. Merv aligeuka kumtazama, na uso ule Glenys hatausahau.

"Tunarudi tena," alisema, sasa kwa upole. "Petroli ipo? Dizeli, au chochote kile. Ipo?"

"Ipo."

"Basi tunarudi. Usiushikilie kwa vidole. Ubane kwa kwapa."

Walizunguka. Merv alilala kifudifudi kwenye omo, nyonga mbovu na yote, akaubana upondo kwapani, na boya lilipokuja alilivuta kwa mkono mzima kama mtu anayekumbatia ndama. Maji yalimlowesha mpaka kiunoni. "Ninalo!" alipiga kelele. "Ninalo, nahodha! Zima!"

*

Mkaguzi alifunga kihori chake ubavuni, akapanda, na safari hii alikubali chai. Alitoa kalamu.

"Swali moja limebaki. Kuna kasoro yoyote katika chombo?"

Merv alikuwa anadondosha maji juu ya mkeka. Alimtazama mkewe, akatikisa kichwa kidogo sana: hapana, sema hapana. Tumeshafika, mama. Glenys aliuona ule mtikiso, na alijua gharama yake. Neno moja la kweli na Wilga ingevutwa nchi kavu, ivunjwe. Lakini alifikiria pia mtu mwingine, siku nyingine, akizungusha gurudumu lile kushoto ili amkwepe Joop.

"Ipo," alisema. "Usukani umefungwa kinyume. Ukizungusha kulia inakwenda kushoto. Tumekosea wenyewe."

"Nimekosea mimi," alisema Merv. "Yeye alinikataza."

Farrugia aliandika kwa muda mrefu. Chai ilipoa. Hatimaye aligeuza ubao wakaona karatasi ina safu mbili.

"Hii ya kushoto ni kasoro aliyoitaja mwenye chombo. Anapewa siku saba airekebishe, nami narudi kuangalia. Hii ya kulia ni kasoro iliyoonwa na mkaguzi bila kutajwa." Akaigonga kwa kalamu. "Hii ya kulia ndiyo inayofanya mashua ivutwe. Kijito kizima kimewaona mkitaka kuingia jikoni kwa Mholanzi, mama. Labda ningekuwa kipofu ndio nisione."

Merv aliketi ghafla.

"Na jina," alisema mkaguzi. "Jina la aliyeongoza chombo. Hapa wameshanichapia: Mervyn Stubbs."

"Futa," alisema Merv. "Andika Glenys. Y moja, N moja."

*

Siku ya nne waya zilikuwa zimepishana tena, na kipande cha ngozi kilichopakwa grisi kati yake ili zisilane. Glenys alitoka shimoni, akajifuta uso.

"Zungusha kulia," alimwambia Merv. Akarudisha kichwa ndani kuangalia. "Inakwenda. Sasa niulize upande gani."

"Upande gani, mama?"

"Upande wake."

Farrugia aliporudi aliomba waizunguke nguzo mara moja tu, atie sahihi. Injini ilipowaka Glenys alisogea ili ampishe mumewe kwenye gurudumu. Merv alikuwa hayupo hapo. Alikuwa amekwisha kuchukua upondo, anachechemea kwenda omo, akafika, akaachia boya, akaubana upondo kwapani, akasimama akimpa mgongo.

"Merv!"

"Nangoja amri," alisema bila kugeuka. "Na usinifokee sana, nina kisukari."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Glenys alishika gurudumu. Macho yalikuwa yamemjaa maji, hakuona vizuri, na akaligeuza vilevile kama alivyojifunza Jumatano ile. Omo ya Wilga ikaenda moja kwa moja kwa Joop.

"Kinyume, nahodha!" alipiga kelele Merv huku akicheka mpaka upondo ukamtikisika. "Siku hizi ni kinyume!"

Joop alikuwa ameshasimama pembeni na tairi lake, amelitoa mapema.